Onyo linalofika baada ya kununua: barua ya wazi kuhusu vijana na sarafu za mtandaoni

Kwa Waziri wa Fedha, Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu.

Waheshimiwa viongozi,

Novemba 2019 Benki Kuu iliutangazia umma kwamba fedha halali nchini ni shilingi peke yake, na kwamba kufanya biashara ya sarafu za mtandaoni, kuzitangaza na kuzitumia kunakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021, akiwa Mwanza kwenye uzinduzi wa tawi la Benki Kuu, Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa kwa ujio wa sarafu hizo. Kuanzia Julai 2024, Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali, zikiwemo sarafu hizi. Kijana wa miaka ishirini na moja hayasomi mambo haya matatu kama mwanasheria. Anayasoma hivi: serikali ilikataza, kisha ikafikiria, sasa inakata kodi; kwa hiyo ni ruksa, na watakaowahi ndio watakaotoboa.

Ninawaandikia kama mshauri nasaha wa wanafunzi katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Vijana huja ofisini kwangu na mambo ya masomo, misiba ya nyumbani, mapenzi yaliyovunjika. Miaka hii wanakuja pia na simu. Wanaiweka mezani, wanaigeuza upande wangu ili nione mishumaa ya kijani na nyekundu, ile michoro ya bei inavyopanda na kushuka, halafu wananyamaza. Kutokana na vikao hivyo nimefikia hitimisho moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Mnawaonya vijana kana kwamba hawajui hatari. Wanaijua, na wengi wanaweza kuieleza vizuri kuliko mimi. Kinachowaamulia ni hali ya akili na moyo katika dakika ile ya kubonyeza, na hali hiyo mmewaachia wauzaji waishughulikie peke yao.

Nianze na fedha ya kujikimu, bumu kama wanavyoiita wenyewe, kwa sababu mengi yanaanzia hapo na hapo ninyi mna mkono wa moja kwa moja. Mwanafunzi mwenye mkopo anahesabiwa Sh 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Lakini halipwi kwa siku. Fedha inaingia kwa mkupuo, ya wiki nyingi kwa pamoja, na mara kadhaa inaingia ikiwa imechelewa, inamkuta ana deni la mama ntilie, deni la chumba na deni la rafiki. Akishalipa, kinachobaki kwenye simu bado ni kikubwa kuliko fedha yoyote aliyowahi kuishika maishani. Sh 10,000 ya leo ni wali, maharage na nauli, wala hakuna anayefikiria kuiwekeza. Sh 400,000 ikikaa pamoja inageuka mtaji. Richard Thaler, mchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2017, aliandika kwa miaka mingi juu ya jinsi binadamu anavyoigawa fedha kichwani mwake katika mafungu, kila fungu na kanuni zake, ingawa noti ni zile zile. Ninachokiona chuoni ni hicho. Fedha ya chakula imebadilishwa fungu na ratiba ya malipo yenyewe, kabla hata mwuzaji hajafungua mdomo.

Naye mwuzaji anaijua wiki ya bumu. Katika wiki hiyo ndipo vijana hunionyesha ujumbe mwingi zaidi kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram: sarafu mpya inafunguliwa kesho, nafasi zimebaki chache, leta mtaji mdogo tu uanze. Mwanafunzi aliyeshinda njaa wiki mbili akisubiri mkopo, na ambaye anajua baada ya shahada huenda akakaa nyumbani mwaka au miaka akisubiri ajira, hamwoni huyo kama tapeli. Anamwona kama mtu wa kwanza kumwambia kwamba fedha yake ndogo inaweza kufanya kitu.

Ununuzi wenyewe ni wa dakika chache. Anafungua programu ya soko la sarafu, anachagua mwuzaji anayepokea shilingi kwa mitandao ya simu, anatuma kwenye namba anayopewa, jina la mtu asiyemjua linatokea, anaweka namba ya siri, anapiga picha ujumbe wa muamala na kuutuma kama ushahidi. Mwuzaji anaachia USDT, ile sarafu iliyofungamanishwa na dola. Tangu hapo shilingi imekuwa tarakimu yenye nukta, na tarakimu yenye nukta haiumi kama noti. Namfahamu kijana aliyegombana na kondakta kwa ajili ya shilingi mia, na usiku ule ule akapoteza karibu Sh 30,000 bila hata kuguna, kwa sababu kwenye skrini iliandikwa 11.5.

Sasa niwaeleze la kijana mwingine, kwa ruhusa yake, na yale yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha. Yuko mwaka wa pili. Aliingiza sehemu kubwa ya bumu lake kwenye sarafu moja ya mzaha, zile zenye picha ya mbwa. Bei yake ilikuwa na sifuri nyingi baada ya nukta, kwa hiyo kwa fedha kidogo alipata mamilioni ya vipande, na wingi huo peke yake ulimpa raha: nani mwingine bwenini alikuwa na milioni za kitu chochote? Siku chache baadaye thamani ilikaribia kuwa mara mbili. Hakutoa, kwani kwenye grupu waliambiana kwamba anayeuza mapema hana imani. Ikaanza kushuka, ikapita pale alipoingilia, ikaendelea kushuka. Alipokuja kwangu alikuwa anapiga pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku, tena jioni. Nikamwambia, mwanangu, kwa nini usitoe hicho kilichobaki ukale? Akanijibu kwa utulivu kabisa: “Madam, nikitoa sasa hivi nitakuwa nimepoteza. Nikiacha, bado sijapoteza.”

Huyu kijana anasoma takwimu. Angeulizwa kwenye mtihani kama bei ya jana ina deni lolote kwa bei ya kesho, angejibu sahihi na kupata alama zote. Ila hasara ina namna yake ya kumshika mtu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba kupoteza kiasi fulani kunauma zaidi kuliko kupata kiasi hicho hicho kunavyofurahisha, na kwamba mtu aliyekwisha kuingia kwenye hasara huwa tayari kubahatisha zaidi ili asilazimike kuikubali. Mwaka 1985 watafiti wa masuala ya fedha Hersh Shefrin na Meir Statman wakaeleza tabia inayozaliwa na hilo miongoni mwa wawekezaji wa hisa: wanawahi kuuza kilichopanda na kukumbatia kilichoshuka. Hayo yaliandikwa juu ya watu wazima wenye mishahara. Mpelekeeni hali hiyo kijana mwenye njaa, anayejua kwamba mama yake alimkopea nauli ya kuja chuo, na hasara yake si fedha tu. Ni ushahidi, machoni pake mwenyewe, kwamba ameshindwa. Ndiyo maana analala na njaa ilhali chakula cha siku kadhaa kimo mfukoni.

Najua mtasema hawa ni wachache na soko lenyewe ni dogo. Naomba mtazame kilichopatikana na BIS, ile benki ya Basel inayozihudumia benki kuu za dunia. Watafiti wake walikusanya takwimu za upakuaji wa programu za sarafu katika nchi 95, kuanzia 2015 hadi 2022. Walikuta kwamba watu wapya huingia bei ikiwa imeshapanda, na kwamba kundi kubwa kabisa, kama asilimia 40 ya watumiaji, lilikuwa la wanaume wa chini ya miaka 35. Karibu robo tatu walipakua programu wakati Bitcoin, sarafu kongwe kuliko zote, imeshapita dola 20,000, na kwa bei za mwishoni mwa 2022 walio wengi walikuwa wamepoteza. Kuna jambo moja katika takwimu hizo ambalo kila nikilisoma linanikera. Mwaka huo wa 2022, sarafu ya Terra ilipoanguka Mei na soko la sarafu la FTX lilipofilisika Novemba, wenye sarafu nyingi walikuwa wanauza na wenye kidogo walikuwa wananunua. Wadogo waliona bei nafuu. Wakubwa walipata wa kumwuzia.

Maana yake ni kwamba bei yenyewe ndiyo tangazo. Inapopanda inawaita vijana kuliko kipaza sauti chochote, na inapanda usiku, wikendi, sikukuu, wakati hakuna ofisi ya umma iliyo wazi. Wizara ya Fedha huandaa Wiki ya Huduma za Fedha kila mwaka, na nawashukuru kwa hilo. Lakini kijana anayenunua saa nane usiku, chumba kizima kikiwa macho kwa sababu kuna sarafu imepanda mara tatu, hana uhusiano wowote na hema la maonyesho lililofungwa miezi minne iliyopita.

Halafu kuna grupu. Mtu mzima akisikia neno hilo anadhani ni mahali pa kupeana habari. Kwa vijana hawa grupu ni jamaa. Wanasalimiana asubuhi, wanachangiana bando, wanapeana pole. Na lina kasoro moja kubwa ambayo hakuna aliyeikusudia: anayepata hupiga picha ya skrini na kuituma, anayepoteza hutoka kimya kimya. Akibaki, haandiki. Baada ya miezi miwili, kijana aliyemo ndani ameona picha mia za ushindi na hajaona hata moja ya hasara, na hakuna aliyemdanganya kwa maneno. Amehesabu alichokiona na kupata jibu linaloonekana sahihi kabisa.

Solomon Asch, mwanasaikolojia aliyefanya majaribio yake Marekani miaka ya 1950, aliwaweka watu chumbani na kuwauliza swali rahisi: ni mstari upi una urefu sawa na huu? Wenzao wote, waliokuwa wamepangwa, walitoa jibu lisilo sahihi. Karibu theluthi ya majibu ya wale waliokuwa wakipimwa yalifuata kosa la wengi, ingawa macho yao yaliona vingine. Kwangu sehemu muhimu ya jaribio hilo ni inayofuata. Alipowekwa mtu mmoja tu mwenye jibu la kweli, idadi ya waliofuata mkumbo ilianguka sana. Mtu mmoja. Vyuo vyetu vimejaa vijana waliopoteza na wangeweza kuwa mtu huyo. Hawasemi, na sababu ya kutosema tumeitengeneza sisi wakubwa.

Kumbukeni upatu wa DECI mwaka 2009. Kumbukeni Februari 2025, Jeshi la Polisi lilipowakamata watu katika mikoa mbalimbali kwa sababu ya LBL, ule mpango wa kulipa kiingilio ili ulipwe kwa kutazama vipande vya filamu kwenye simu. Mara zote mbili, kilio cha waliopigwa kilijibiwa na neno moja, kuanzia vijiweni hadi redioni: tamaa. Nimelisikia hata vinywani mwa watu wa serikali. Waheshimiwa, naomba neno hili tuliweke chini. Kijana anayetaka kumlipia mdogo wake ada hana tamaa kuliko mbunge anayenunua kiwanja cha pili. Na neno hilo lina madhara yanayopimika ofisini kwangu: linamfunga mdomo aliyepigwa, asiripoti, asiwaonye wenzake. Linamwacha peke yake hadi anapotokea mtu wa pili kwenye simu, anayejiita mtaalamu wa kurudisha fedha zilizopotea, anayeomba ada kidogo ili aanze kazi. Wapo waliopigwa na wa kwanza Sh 200,000 na wa pili Sh 150,000, na ile ya pili wanaificha zaidi.

Namba 15040 ya kuripoti ujumbe wa kitapeli ni jambo jema, na wazazi wetu wengi imewaokoa na “tuma kwenye namba hii”. Lakini kijana wa sarafu haoni kwamba kaibiwa. Alituma mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa na furaha. Mfumo mzima wa kuripoti umejengwa kwa ajili ya mtu aliyeibiwa, na yeye anajiona aliyekosea.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila kijana mwenye sarafu ni mgonjwa au mcheza kamari. Wapo wanaofanya kazi za mtandaoni, wa kuchora, wa kutafsiri, wa kuandika programu, wanaolipwa na wateja wa nje kwa USDT kwa sababu njia nyingine za kupokea fedha ni ghali au zimefungwa kwa nchi yetu. Hao wanahitaji sheria iliyo wazi, si polisi. Wapo pia walionunua kidogo, wakasahau, wakafaidika. Kinachonisumbua ni jinsi majukwaa haya yanavyomchukua kijana wa kawaida kama hawa na kumsogeza, hatua kwa hatua, hadi kwenye kitu kingine kabisa.

Wengi waliingilia kwenye vya bure. Pi, sarafu ya kukusanya kwa simu, ilianza Machi 2019: unabonyeza kitufe mara moja kila saa ishirini na nne, unaalika wenzako, salio linaongezeka. Kuna vijana walibonyeza tangu kidato cha nne hadi chuo. Mtandao wake ulipofunguliwa Februari 2025 bei ilikaribia dola 3, na kabla ya Aprili kwisha ilikuwa chini ya dola moja. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya Hamster Kombat, mchezo wa simu ulioahidi sarafu, vidole vikigonga skrini kwenye daladala, kanisani, darasani, hadi Septemba walipogawiwa walichogawiwa na kukuta ni fedha ya vocha. Hasara ya vya bure ni ndogo. Mafunzo yake ndiyo makubwa. Kijana amejifunza kufungua pochi ya mtandaoni, amezoea kuangalia salio kila asubuhi, na amemiliki kitu kwa muda mrefu hadi kukiacha kunamuuma. Majirani zetu waliona hilo kwa ukali zaidi. Mwaka 2023 watu walipanga foleni kwenye ukumbi wa mikutano wa KICC, Nairobi, ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa sarafu wa Worldcoin, kwa malipo ya sarafu za kama Sh 7,000 za Kenya, hadi serikali ikasimamisha zoezi Agosti mwaka huo.

Hatua ya mwisho ndiyo inayonitisha, nayo ni biashara ya mtaji wa kukopeshwa na jukwaa. Kijana anaweka dola 20, anachagua kuzidisha mara ishirini, anashika nafasi ya dola 400. Bei ikisogea asilimia 5 tu upande usio wake, dola 20 zimekwisha, na kwa sarafu ndogo asilimia 5 ni mwendo wa nusu saa. Hapa tumeshatoka kwenye uwekezaji. Mapigo ni yale yale ya mkeka wa kubeti: karibu nipate, timu moja tu imeniangusha, kesho. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliyajua hayo kutokana na njiwa wake wa maabara. Ukimlipa kila anapodonoa, ukiacha kulipa naye anaacha upesi. Ukimlipa mara moja moja, bila utaratibu anaoweza kuukisia, ataendelea kudonoa muda mrefu baada ya malipo kukoma. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inasimamia mikeka. Huku, msimamizi hayupo.

Sasa ninachoomba, na nitaanza na kinachowezekana kabla ya sheria yoyote.

Bodi ya Mikopo, mpeni mwanafunzi hiari ya kupokea fedha yake ya kujikimu kwa wiki au kwa nusu mwezi. Nasema hiari kwa sababu wengine wanalipa kodi ya chumba kwa mkupuo. Fedha ileile, mkopo uleule, isipokuwa itafika ikiwa na sura ya chakula. Vijana niliowauliza, wakiwemo waliochoma bumu zima, wengi walisema wangejaza fomu hiyo siku ya kwanza ya mwaka wa masomo, wakiwa na akili zilizotulia. Na ikisemekana mfumo hauwezi, naomba ielezwe hadharani ni kipi hasa kinachokwamisha, kwani mitandao ya simu inalipa mishahara ya vibarua kila jioni. Zaidi ya yote, fedha isichelewe. Njaa ya wiki mbili ndiyo mwuzaji mkubwa kuliko wote.

Benki Kuu na Wizara, semeni jambo moja kwa sauti moja. Kama ni marufuku, kodi ni ya nini? Kama inaruhusiwa, leseni iko wapi na nani anamlinda mnunuzi? Kenya ilianza na onyo la Benki Kuu yao Desemba 2015, ikapitia kodi ya asilimia 3 iliyoiweka mwaka 2023 na kuiondoa, na Oktoba 2025 rais wao akasaini sheria ya watoa huduma za mali za mtandaoni, inayosimamiwa na Benki Kuu pamoja na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sheria hiyo haijamaliza matatizo yao. Lakini kijana wa Kisumu leo anaweza kuuliza swali la kisheria, nani ana leseni, na wa Morogoro hawezi.

Mkifika kwenye kuandika sheria, iandikeni kwa ajili ya dakika ya kubonyeza. Uingereza, tangu Oktoba 2023, mtu anayenunua sarafu kwa mara ya kwanza kwenye jukwaa husubirishwa saa 24 kabla hajakamilisha, na zawadi za kualika rafiki zimepigwa marufuku. Saa 24 si nyingi. Kwa kijana aliyeamshwa na picha ya skrini usiku, ni usingizi mmoja na chai moja. Umoja wa Ulaya nao, tangu 2018, umewalazimisha madalali wa biashara za mtaji wa kukopeshwa kuandika kwenye matangazo yao asilimia ya wateja wao wanaopoteza fedha, na mamlaka yao ilikuta ni kati ya 74 na 89. Hebu fikirini tarakimu kama hiyo, iliyotokana na wateja wa Kitanzania, ikae juu ya kitufe cha kununua, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama za bei. Hiyo ndiyo picha ya skrini ya walioshindwa ambayo grupu halimwonyeshi.

Mamlaka ya Mawasiliano, mnazo Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020. Msanii au mtangazaji mwenye wafuasi laki tano akilipwa kuisifia sarafu, wafuasi wake waambiwe kwamba amelipwa, mwanzoni mwa video na si kwa herufi za mchwa mwishoni. Vijana hunitajia majina ya watu hawa kama wanavyotaja kaka zao, na kaka hapokei kamisheni kwa hasara ya mdogo wake.

Kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji nina ombi dogo. Dhamana za serikali za muda mrefu zimekuwa zikilipa riba ya zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT inapokea viwango ambavyo mwanafunzi anaviweza. Lakini hakuna anayemwonyesha kijana picha ya skrini ya mfuko wa pamoja. Waleteni wenye miaka ishirini na mitano waliokwisha kuanza, wawaonyeshe wenzao salio lao halisi la miaka mitatu, pamoja na miezi iliyodorora. Wataonekana wanakwenda polepole. Nimeona jinsi kijana anavyobadilika uso akigundua kwamba polepole hiyo ni ya kweli na ina jina lake.

Na wote kwa pamoja, tafuteni sauti za waliopoteza. Wapeni mahali pa kuripoti pasipouliza kwanza kwa nini walikuwa na tamaa. Wawezesheni wasimame mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Oktoba, kabla bumu la kwanza halijaingia, waeleze walivyoingia, walivyojisikia bei ilipopanda, na kwa nini hawakutoa. Yule wangu wa takwimu amekubali kuwa wa kwanza. Alitoa kilichobaki, kikamtosha chakula cha siku tisa, na ameniomba nimtafutie ukumbi na nafasi kwenye ratiba ya wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya. Chuo kimoja nitakitafutia mwenyewe. Vyuo vingine vyote nchini nawaachia ninyi, na ningependa kupata jibu lenu kabla dirisha la maombi ya mikopo ya mwaka ujao halijafunguliwa.

Kwa heshima,

Mshauri nasaha wa wanafunzi
Dar es Salaam